Mshahara wa Mwalimu wa Gitare

Liko shauri moja lililoleta matata katika korale ya parokia yetu hapa Lubumbashi, na mimi mwalimu wa katekisimu nilikuwa mtu wa kwanza kulikosea. Ni shauri la fedha na gitare.

Kijana mmoja wa korale, fundi wa gitare, alikuwa akifundisha watoto nyumbani kwake jioni, mmoja mmoja. Kwa somo la saa moja alitaka franka elfu tano. Kwa mtu mwenye kazi si fedha nyingi. Kwa mama anayeuza mkaa kwa vifungu vidogo ni unga wa nyumba nzima. Basi mama mmoja mjane alimpeleka mtoto wake wa kiume. Masomo matatu alilipa, la nne hakuweza. Akaja kwangu kulalamika: kijana huyu alijifunza gitare hapa misioni, kwa gitare ya misioni, bila kutoa hata franka moja, na leo anauza alichopewa. Nilishikwa na hasira. Jumamosi, mazoezi yalipokwisha, nilimwambia mbele ya wenzake wote ya kuwa aliyepokea bure hana ruhusa ya kuuza. Tena nikamtaja Simoni mchawi, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyetaka kununua kwa fedha uwezo wa kutoa Roho Mtakatifu. Kijana hakujibu neno. Alitia gitare yake mfukoni, akaenda. Jumapili tuliimba kwa ngoma peke yake, na Jumapili iliyofuata vilevile. (Ngoma hazina kosa, Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza huko Kamina mwaka 1958, haikuhitaji gitare. Lakini sisi tulikuwa tumezoea gitare, na kila mtu kanisani alijua kwa nini haipo.)

Padri wetu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: «Na wewe, Mwalimu, unakula nini?»

Swali hilo lilinikaa moyoni. Ni kweli, mtoto wa katekisimu hanilipi kitu. Lakini kila mwezi parokia inanipa kidogo, na wakristu wa jumuiya zetu wananiletea unga, mihogo, mara nyingine kuku. Nilikuwa nikijisifu ya kuwa nafundisha bure, kumbe nafundisha kwa fedha ya watu wengine. Hata Mtume Paulo hakuficha jambo hili. Kule Korinto alishona mahema ili asimlemee mtu, nasi twapenda kulihubiri hilo. Lakini katika barua yake ya pili kwa Wakorinto, sura ya 11, anakiri ya kuwa alipokea posho kwa makanisa mengine ili awatumikie wao. Wakorinto walifundishwa bure. Wafilipi walisaidia kulipa. Panaposemwa «bure», mara nyingi yuko mtu aliyelipa, na mara nyingi hatumwoni.

Sasa juu ya Simoni. Niliyesoma seminarini nilipaswa kukumbuka vizuri zaidi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, anapoeleza dhambi ya simonia, anauliza pia juu ya mwalimu anayepokea fedha kwa elimu. Jibu lake ni wazi. Mtu aliyewekwa na Eklezia kufundisha, naye amepewa riziki kwa kazi hiyo, hana haki ya kumlipisha mwanafunzi tena. Lakini mtu mwenye elimu asiyekuwa na wajibu huo anaweza kupokea malipo, kwa sababu hauzi kweli yenyewe, anakodisha kazi yake. Basi kwa hukumu hiyo mimi ndiye niliyekatazwa kulipisha, si yule kijana. Nilimpa mzigo wangu. Tena gitare si sakramenti. Atakayejifunza kuipiga ataipiga Misani, au arusini, au katika kilabu cha bia. Huo ni uchaguzi wake mwenyewe.

Lakini alijifunza bure, mtasema, kwa gitare ya misioni. Hilo ni kweli, na liko deni. Ila deni hilo ni la namna gani? Deni la duka hudaiwa. Deni la shukrani haliwezi kudaiwa hivyo, maana ukimlazimisha mtu kushukuru, anachokupa si shukrani tena. Na huyu kijana alikuwa amekwisha kuitikia shukrani yake kwa njia nzuri: miaka sita alipiga gitare kila Jumapili, na kwenye maziko, na usiku wa Noeli, na hatukumlipa kitu. Hakuna aliyehesabu. Tulihesabu siku alipotaka franka elfu tano.

Wayunani wa zamani walibishana sana juu ya jambo hili. Sokrate hakupokea fedha kwa mtu, akawacheka wale waliofundisha kwa malipo. Ni jambo la kusifiwa, ingawa nyumbani alikuwa na mke na watoto watatu, na katika vitabu vile Xanthippe mkewe hakuulizwa maoni yake juu ya umaskini huo. Upande mwingine alikuwako Protagora, aliyetoza fedha nyingi. Plato anasimulia desturi yake: mwanafunzi aliyemaliza, akiona bei ni kubwa mno, aliweza kuingia hekaluni, akaapa mbele ya mungu wake masomo yale yana thamani gani kwake, akalipa kiasi hicho tu. Nilipolisoma zamani nilicheka. Sasa naona kuna akili ndani yake, maana Protagora alijua ya kuwa bei na thamani si kitu kimoja. Lakini kuna kasoro pia. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataapa nini akitoka kwenye somo la nne, vidole vinamuuma, naye hajaweza kupiga hata wimbo mmoja? Thamani ya somo lile labda itaonekana baada ya miaka kumi, siku atakapowapigia watu wanaolia. Siku hiyo mwalimu wake atakuwa wapi apate kulipwa?

Kwa hiyo bei haiwezi kupima thamani, wala isijaribu. Bei inapima vitu vingine: saa ya mtu aliyechoka na kazi ya mchana, na nyuzi. Msidharau nyuzi. Gitare ina sita, mi, la, re, sol, si, mi, na mtoto anayejifunza kuzilinganisha huzikata. Wako wanaofumua waya wa breki ya baiskeli wapate uzi wa kubahatisha, lakini waya huo hukwaruza vidole na sauti yake haikai.

Na msidharau saa. Nilikwenda kutazama somo moja, maana nilikuwa nimehukumu kitu nisichokijua. Nilidhani fundi anapiga na mtoto anaiga. Sivyo. Muda mwingi fundi hakupiga kabisa; alitazama. Mtoto alishika shingo ya gitare kwa kiganja chote kama mpini wa jembe, naye akamrudisha dole gumba nyuma ya shingo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tisa. Kisha wakalinganisha sauti. Ukiukandamiza uzi wa sita nyuma ya kile chuma cha tano cha shingoni, unatoa sauti ya uzi wa tano. Na hivyo hivyo kwa nyuzi zinazofuata, ila uzi wa tatu, ambao unataka chuma cha nne. Mtoto alikosea pale pale penye nne. Fundi hakumwambia, alingoja sikio lake lisikie. Kazi ya kungoja namna hii haifanyiki kwa watoto ishirini pamoja, na ndiyo maana somo la mtu mmoja ni ghali.

Vijana wananiambia masomo yote yako katika simu. Sikatai, nami nimeona waliofika mbali kwa njia hiyo, ingawa mega nazo zinanunuliwa. Lakini simu haioni dole gumba. Hapa Katanga tuna mfano mkubwa. Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na sahani zake zikafika nchi nyingi. Alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na watu wa ng'ambo wakashangaa jinsi vidole viwili vinavyotoa sauti za watu wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mpaka huku kwetu akakaa na Mwenda, na Edouard Masengo, na Losta Abelo, ili ajifunze kwao. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilichapwa Vienna mwaka 1982. Sahani zilikuwako. Sauti ilikuwamo. Aliufuata mkono. Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari, na mambo ambayo sahani haikuyashika yamebaki kwa wale tu walioketi mbele yake.

Simsafishi kila mwalimu wa gitare. Wako wanaorefusha masomo: miezi mitatu wanamzungusha mtoto katika nyimbo zile zile mbili, wakificha kilichobaki, ili fedha zisikatike. Huo ni wizi, hata kama kila saa imelipwa kwa bei ya haki. Na mwalimu anayejua ya kuwa mtoto hana moyo wa muziki, naye ananyamaza kwa sababu baba yake analipa vizuri, atajibu mbele ya Mungu.

Lakini maskini je? Hapo ndipo neno langu la kwanza lilikuwa na ukweli wake, nami sitaki kulitupa lote. Si haki muziki uwe wa watoto wenye baba tu. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliliona jambo hili katika shule za kanisa. Uliagiza kila kanisa la askofu limpe mwalimu riziki ya kumtosha, ili awafundishe bure makleri na wanafunzi maskini. Tazameni mpango ulivyo: mwalimu anapewa kwanza, ndipo maskini anafundishwa bure. Mimi nilitaka maskini afundishwe bure na mwalimu alale njaa, halafu nikakuita huko kupenda maskini. Nasi Wakongomani tunalijua jambo hili vizuri. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi ndio waliowabeba. Na mwaka 2019, shule ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, watu wakauliza tena: sasa nani atampa mwalimu?

Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanisikiliza. Kisha nikamwuliza swali nililopaswa kuuliza kabla ya yote: kwa nini ulimfukuza mtoto wa mjane? Akanitazama. Hakumfukuza. Mtoto alipokosa somo la nne, alimngoja mpaka giza. Alituma mtu kusema aje tu. Mama ndiye aliyemkataza mtoto kwa haya ya deni, na haya hiyo ikamfanya aje kwangu na maneno yale. Mimi sikuuliza upande wa pili. Nilikuwa na andiko mkononi, likanitosha.

Seminarini tulifundishwa ya kuwa jina jema la mtu, likivunjwa mbele ya watu, halirudishwi sirini. Jumamosi nilisimama mbele ya korale ile ile nikasema nilikosa. Kijana amerudi, ingawa pale ninapopita haanzi yeye kunisalimu kama zamani. Sina haki ya kulidai hilo.

Baada ya hapo korale ilikubali kuweka sanduku dogo kwa ajili ya watoto wasioweza. Mama mjane alikataa: «Mwanangu si ombaomba wa korale, Mwalimu.» Tulizungumza naye siku mbili. Mwisho wakapatana wao wenyewe: atatoa franka elfu moja juma atakapokuwa nayo, na mtoto atafika mapema Jumamosi kupanga viti na kunakili maneno ya nyimbo katika daftari, sanduku litajaza lililobaki. Fundi naye alipunguza bei kwa watoto wa sanduku, lakini hakuiondoa, na hatukumwomba aiondoe.

Sanduku linatosha watoto wawili mpaka Pasaka. Walioomba ni watano. Jumamosi tutakaa tena kulitazama.