Sifa za Bibi na Deni la Maji

Kumsifu marehemu ni desturi ya watu wote, na ni desturi njema. Ulimi ambao jana ulimlaumu mtu kwa ukali wake, leo humtaja kwa upole. Na aliyemwonea wivu humlilia machozi ya kweli. Hapana haja ya kuicheka desturi hii, maana mauti hunyamazisha magomvi mengi ambayo uhai ulishindwa kuyanyamazisha. Lakini wako watu ambao sifa zao hufanana mno kila zinaposemwa, hata msikilizaji aweza kuzimaliza mwenyewe kabla ya msemaji. Watu hao ni bibi zetu. Husemwa kwamba walikuwa na subira, kwamba hawakunung'unika, kwamba mikono yao haikujua kupumzika, na kwamba walilea wana na wajukuu kwa mapenzi. Aghalabu maneno hayo huwa kweli. Swali langu ni kama kweli hiyo yatosha. Yaani, je, mtu amsifuye bibi yake kwa subira amekwisha kumkumbuka, au ameanza tu kumsahau kwa heshima?

Nitatoa mfano wa bibi yangu mzaa mama, kwa sababu ndiye nimjuaye, wala si kwa sababu aliwapita wengine. Amezikwa Chiwata, katika wilaya ya Masasi, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo misheni ya UMCA ilikuwa na kituo na shule zamani za wakoloni. Hakuzaliwa hapo. Alizaliwa juu, upande wa Newala, akaja Chiwata mtu mzima kumfuata binti yake. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua. Alijua tu kwamba Vita Vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha pita, na kwamba wazee walikuwa wakivisimulia bado. Mdomo wake wa juu ulikuwa na kovu la tundu la ndonya, ambalo sisi wajukuu tulipenda kuligusa kwa kidole. Mimi aliniita mume wake, kama wafanyavyo bibi wa kwetu kwa wajukuu wa kiume, na nilipokataa chakula alitishia kuniacha akaolewe na mwenye adabu kuliko mimi. Wakati wa kiangazi aliingia porini kuchimba ming'oko, akiufuata mtambaa mkavu wa mmea ambao jicho langu halikuuona kabisa, na kila alipochimba alipata.

Alikuwa mkali pia. Mtoto aliyemwaga maji alipigwa, na hakupigwa kidogo. Waombolezaji hawakulitaja jambo hilo, na sikutazamia walitaje. Lakini ukali huo kwangu ni ufunguo. Mwanamke aliyecheka mtoto alipovunja sahani, aliyesamehe kuku aliyepotea na shamba lililoliwa na nguruwe, hakuweza kusamehe kibuyu kimoja cha maji kilichomwagika. Kwa nini?

Ajuaye nchi ile hatahitaji jibu. Uwanda wa Wamakonde umeinuka. Newala yenyewe i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 600. Udongo wake ni wa mchanga, na mvua, ambayo hunyesha hasa toka Desemba mpaka Aprili, huzama ndani yake kama iliyomiminwa katika chekecheke. Huko juu hapana mto. Maji hutokea chini, katika mabonde na miguuni pa mteremko, na mtu ayatakaye hushuka kuyafuata, kisha huupanda mteremko nayo.

Sasa msomaji ataniuliza kwa nini watu walikwenda kukaa mahali pasipo maji. Wamakonde wenyewe wana masimulizi yanayojibu, na Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezitembelea nchi hizo mwaka 1906, aliyatia katika kitabu chake. Yasimuliwa kwamba hapo kale, katika vichaka vya Mahuta, alikuwako mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa. Mtu huyo alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani kwake, na usiku sanamu ikawa hai, ikawa mwanamke. Wakashuka mto Ruvuma, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakaenda bonde la Mbemkuru, akazaa tena mtoto mfu. Wakarudi juu vichakani, na mtoto wa tatu akaishi. Basi yule baba akawausia wanawe mambo mawili. La kwanza, wawazike wafu wao wima, kwa ukumbusho wa mama yao aliyepata uhai hali amesimama. La pili, wasikae mabondeni karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa nzima, na hapo watoto wao watasitawi.

Usia huo ulikuwa na hekima, wala sina nia ya kuubeza. Mabondeni mlikuwa na mbu, na homa ya mbu huwaua watoto kwanza. Tena katika karne ya kumi na tisa mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na za majeshi ya uvamizi. Kituo cha misheni cha Masasi, ambacho Askofu Edward Steere alikianzisha mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kilivamiwa na Wamagwangwara mwaka 1882, na hicho kilikuwa chini, si juu. Vichaka vya uwandani vilikuwa ngome isiyojengwa kwa mikono. Waliokaa humo walikuwa na nafasi ya kupona kuliko waliokaa mtoni. Mimi mwenyewe ni tunda la usia huo.

Lakini usia ulitaja saa nzima. Haukutaja ni saa ya nani. Baba wa masimulizi alipima umbali kwa busara, akawaachia wengine kuutembea. Katika kusimuliwa kwake kote, mama aliyechongwa kwa mti hasemi neno. Anazaa, anafiwa, anahama, anazaa tena. Na baada ya hapo, kwa lazima ya mambo, lazima awe alishika chombo akashuka kuteka maji, ingawa msimulizi haoni haja ya kulisema.

Nimejaribu kuihesabu saa hiyo kwa upande wa bibi. Hesabu yangu ni ya kukadiria, nami naipunguza kusudi nisionekane natia chumvi. Tuseme alikwenda mara moja tu kwa siku. Tuseme kwenda na kurudi ni saa mbili, ingawa kupanda na mzigo huchukua zaidi. Tuseme miezi ya mvua hakwenda kabisa, ila siku 180 tu za mwaka. Na tuseme alifanya hivyo kwa miaka 40. Tunapata saa 14,400, nazo ni siku 600, usiku na mchana bila kulala. Debe la maji lina uzito wa kilo 18 hivi. Madebe 7,200 ni karibu tani 130, zilizopanda mlima juu ya ngata ya matambara, kichwani pa mwanamke ambaye mimi nilimfikia mabegani. Maji hayo ndiyo yaliyopika uji alioukua nao mama yangu.

Najua nitakavyopingwa, na mapingamizi mengine yana nguvu. Yuko atakayesema kwamba wanaume nao walikuwa na mizigo yao: walifyeka vichaka, walilipa kodi, walikwenda kukata mkonge mbali na kwao, na wengine hawakurudi. Ni kweli, na hesabu yao nayo yangoja mtu wa kuifanya. Lakini taabu ya mtu mmoja haifuti ya mwingine, kama vile deni la jirani yangu halilipi langu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba bibi mwenyewe hakujiona ameonewa. Hili ni kweli kabisa. Aliionea fahari shingo yake. Zaidi ya hayo, njia ya majini ilikuwa baraza yake: ndiko alikosikia habari, ndiko alikocheka na wenzake juu ya waume zao, ndiko mwari aliyetoka unyagoni alikopewa maneno ambayo hayakufaa kusemwa uani. Mabomba yalipofika katika baadhi ya vijiji, wazee kadha wa kike walilalamika kwamba sasa hawaonani. Mtu akiniambia kwamba mimi, niliyesoma, namvika bibi huzuni asiyokuwa nayo, nitalazimika kumsikiliza. Hata hivyo, furaha ya njiani ilikuwa yao wenyewe waliokwenda. Waliifanya kwa akili zao katika kazi ambayo hawakuulizwa. Sisi tuliobaki nyumbani tukingoja maji hatuna haki ya kuitaja kama hoja yetu.

Pingamizi la tatu ndilo hasa la maadili: kwamba kuhesabu ni kuharibu mapenzi. Mama hamwandikii mwanawe maziwa aliyomnyonyesha, wala bibi hakuchora mistari ukutani kwa kila debe. Kipawa kikihesabiwa hugeuka mkopo. Kwa muda mrefu niliona neno hili halina jibu. Sasa naona kwamba lasema kweli kwa mmoja na uongo kwa mwingine. Atoaye hapaswi kuhesabu. Kutohesabu kwake ndiko kunakofanya alichotoa kiitwe fadhila. Lakini apokeaye, asipohesabu, amejuaje kwamba amepewa? Atadhani maji hukaa mtungini kwa tabia yake. Na akikua ataoa, ataweka mtungi, na atatazamia ujae. Kwa hiyo sifa ya subira, ikisemwa na mpokeaji asiyehesabu, ina hatari ndani yake: humgeuza bibi kuwa mfano, na mfano huo hupewa mjukuu wa kike aufuate. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto. Nimeona binti akipewa jina la bibi yake na ndoo yake pamoja.

Hapa tofauti ya subira na subira lazima iangaliwe. Kuna subira ya mtu mwenye njia mbili, akaichagua iliyo ngumu kwa ajili ya wema; na kuna subira ya mtu mwenye njia moja tu. Ya kwanza ni sifa ya mwenye kuwa nayo. Ya pili, ingawa huonyesha nguvu ya moyo, ni habari pia ya waliomzunguka. Maji yalianza kusukumwa kwa mitambo toka mabondeni hata uwandani katika miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1970 Finland ilisaidia kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mitambo iliharibika mara nyingi, na vijiji vingi havijapata maji ya kutosha hata leo. Lakini bomba la kwanza lilipotoa maji, lilitoa na ushahidi. Saa nzima ya usia haikuwa sheria ya maumbile. Ilikuwa jambo ambalo fedha, akili na nia viliweza kulipunguza.

Historia haiwasahau wanawake wote. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika Unguja na ambaye ujana wake ulikuwa wa vyungu vya kuuza, alipata kutiwa sauti yake katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Nafurahi kwamba uliandikwa. Lakini waliobeba vyungu bila kuimba, au walioimba njiani tu, ni wengi kupita kiasi, na hapana atakayewaandikia kila mmoja kitabu. Hao ukumbusho wao umo mikononi mwa jamaa zao, tena katika mambo madogo sana.

Jambo dogo la jamaa zetu lilikuwa saruji. Baada ya arobaini ya bibi, mauzo ya korosho yalipokwisha, tulichanga fedha. Wengi walitaka kaburi lijengewe, kwa kuwa mvua zilikuwa zikilila na kaburi lililotitia ni aibu kwa ukoo. Mama mdogo, ambaye si msemaji, alisema saruji ile ile yatosha kujenga kisima cha kuhifadhi maji ya mvua kando ya nyumba, kipokee maji ya bati. Aliulizwa kama anataka mama yake akumbukwe kwa shimo la maji. Akajibu kwamba ndilo alilolitaka yeye mwenyewe siku zote. Baraza likanyamaza. Mimi niliona, na ningali naona, kwamba alisema neno la haki kuliko hotuba zote za mazishi. Lakini waliotaka kaburi hawakuwa wajinga: wazee wetu wa kale waliwasimamisha wafu wao ardhini kwa ajili ya kumkumbuka mama mmoja, na haja ya kuwa na mahali pa kusimama na kutaja jina si haja ya kudharauliwa. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya ukoo wa mama, aliamua kaburi litangulie na kisima kingoje korosho za mwaka ujao. Kilingoja miaka mitatu.

Kaburi lilijengwa kwa siku mbili, mwezi wa Oktoba. Fundi alihitaji maji ya kuchanganyia saruji, na ya kuumwagilia ujenzi usipasuke kwa jua. Nilikuwa nimekaa kivulini na wanaume wengine, nikahesabu. Yalikuwa madebe 19, na waliokwenda kuyateka chini ya mteremko walikuwa binti watatu wa mama mdogo, wa kwanza wao akiwa na miaka kumi na sita, wa mwisho tisa.