Fundi na Gari Kuukuu

Land Rover ilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, fremu ikabaki ya chuma. Aluminiamu haishiki kutu, chuma huliwa nayo. Kwa hiyo gari kuukuu la namna hiyo, lipitapo kati ya Handeni na Korogwe, laweza kung'ara juu hali limelika chini: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Je, fundi afunikaye ufa kwa rangi ametengeneza? Mwenye gari humhimiza. Abiria, asiyeiona fremu, hukabidhi roho yake kwa neno lake. Kuunga chuma ni ustadi. Kuutangaza ufa usioungika ni utu. Ustadi pasipo utu ni hatari iliyopakwa rangi.