Ufalme wa Mungu na Ujira wa Kibarua

Fungua nami Mathayo 20, mstari wa 1 hadi wa 16.

Tukisikia "ufalme wa Mungu", wengi wetu tunawaza kule tutakakoenda tukifa. Mbinguni kupo, na tutafika kwa jina la Yesu. Lakini Yesu akitaja ufalme, anazungumza kwanza juu ya utawala: Mungu kuwa Mfalme, na neno lake kutiiwa. Ndiyo sababu katika maombi aliyotufundisha tunaomba ufalme uje, na papo hapo tunaomba mapenzi ya Mungu yafanyike duniani. Duniani! Yaani pia kwako nyumbani.

Sasa angalia mfano wenyewe. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. (Wayahudi walihesabu saa za mchana kama sisi, tangu jua kuchomoza, kwa hivyo hapa Mswahili haelezwi kitu.) Wale wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu, na wanapewa dinari nzima, malipo ya siku. Hapo sisi wahubiri huhubiri neema. Hata mimi nimeihubiri hapa mara nyingi, na neema ipo, haleluya.

Lakini wiki jana nikitayarisha ujumbe huu nilikwama mstari wa 8. Jioni ilipofika, vibarua waliitwa walipwe. Jioni ileile. Huyo tajiri alikuwa anafuata Torati, maana Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi.

Watu wa Mungu, nilifunga Biblia.

Kuna fundi alinijengea ukuta nyumbani mwezi wa tatu. Nilibakisha shilingi 4,000, nikamwambia aje Ijumaa. Alikuja Ijumaa tatu. Ile ya tatu nilikuwa ndani, nikamtuma mtoto aseme baba hayuko. Mimi, mchungaji wenu! Na pesa ilikuwepo. Niliitoa hapa mbele kwa ujenzi wa kanisa, mkanipigia makofi. Huyo ndugu alikuwa akiketi viti vya nyuma pale. Tangu Pasaka hamjamwona, na tumekuwa tukimwombea kama mtu aliyerudi nyuma.

Nilimpigia simu, hakushika. Nikamtumia 4,000 zake kwa M-Pesa na 1,000 juu, nikaandika: nisamehe, siku ile nilikuwa nyumbani. Jumatano nikaenda kwake. Mama watoto alinipa kiti nje, akaniambia kwa upole, "Pasta, pesa tulipata. Lakini mtoto alikuwa ameshakaa nyumbani wiki mbili bila karo. Mzee hajaamua kama atarudi." Nikamwambia ana haki. Sikuwa na neno lingine, na sikuthubutu kusema tuombe.

Basi leo sitaita watu madhabahuni kwanza. Mathayo 5:23-24 inasema sadaka iachwe pale, mtu aende kupatana na ndugu yake. Kama kuna mama anayekufulia nguo, kijana anayekukamulia ng'ombe, au mtu wa boda anayekudai, toka nje sasa hivi umpigie. Kwaya itaimba pole pole. Sadaka itangoja.