Uwezo wa Kuvuta na Wajibu wa Dereva
Pikapu kubwa za Marekani siku hizi hupanda mlima na tela la tani kadhaa bila kuhema. Je, kuweza kuvuta ni ruhusa ya kuvuta? Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979, alishikilia kuwa wajibu hukua pamoja na nguvu. Hoja hiyo huonekana kwenye ndoano inayounganisha tela na gari: kwa tela la kawaida, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake iegemee hapo; ikipungua mno, tela huanza kuyumba na kuliyumbisha gari. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huwa mara 4. Injini yenye nguvu, kwa bahati mbaya, humficha dereva hayo yote. Na anayekuja upande wa pili wa barabara hakuulizwa kama anaikubali hatari hiyo.