Hodi Isiyobishwa na Mgeni

Katika desturi ya Uswahilini, mtu afikaye nyumbani kwa mwenziwe hubisha hodi. Hodi ni neno dogo, lakini limebeba heshima kubwa. Humwarifu mwenye nyumba kuwa yuko mtu mlangoni, tena humpa nafasi ya kujiweka sawa kabla ya kuitika karibu. Mgeni akibisha mara tatu asiitikiwe, adabu humtaka arudi alikotoka bila ya kinyongo. Jambo moja katika desturi hii ni nadra kutajwa, kwa kuwa hapana aliyepata kulitilia shaka: hodi hubishwa na mgeni mwenyewe kwa hiari yake. Akikaribia mlango akaghairi, akageuka akaenda zake, hana deni kwa mtu.

Simu za siku hizi zimeleta hodi ya namna nyingine. Mtu akianza kugusa herufi, mwenziwe aliye upande wa pili huona neno "anaandika", au nukta tatu zinazochezacheza. Mwandishi hajasema kitu. Chombo ndicho kilichosema kwa niaba yake. Basi lazuka swali: je, aonaye alama hiyo hupata haki yoyote juu ya maneno ambayo hayajatumwa bado?

Swali hili huonekana dogo mpaka litazamwe mahali ambapo watu huigiza hadithi kwa maandishi. Katika mchezo huo kila mmoja huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, na hadithi huendelea kwa zamu, huyu akisema na yule akijibu. Mfano na uchukuliwe wa wachezaji wawili wa Mkoa wa Pwani: mmoja yuko Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, wa pili yuko Kisarawe, karibu na vilima vya Pugu. Pamoja na wenzao wametunga msafara wa kale uendao Bagamoyo. Wa Kibaha ni kiongozi wa msafara, na wa Kisarawe ni mganga. Kiongozi amemshutumu mganga kwa wizi mbele ya wapagazi wote, na jibu langojewa. Alama yatokea: anaandika. Yapotea. Yatokea tena, yapotea tena. Wachezaji wote wamenyamaza kumpisha. Dakika kumi zapita, wala hapana neno lililofika. Hapo yule wa Kibaha huona amedharauliwa, na ugomvi wa hadithi hugeuka kuwa ugomvi wa watu.

Yamkini simu ya Kisarawe imeishiwa na moto. Yamkini kifurushi kimekwisha, au mama amemwita mwanawe achote maji. Yamkini pia aliandika tusi, akalisoma, akaona haya, akalifuta. Alama haikusema lolote katika hayo. Ilionyesha mwendo wa kidole, na watu wakadhani wameuona moyo.

Haifai alama hii ilaumiwe kwa kila jambo. Imewafundisha wachezaji adabu ya zamu: mtu asimkate mwenziwe kauli, wala asisukume hadithi mbele huku mwingine akitafuta neno. Wasikilizaji wa hadithi za jioni walipoitikia pakawa baada ya paukwa, walimhakikishia msimulizi kuwa wapo. Alama ya kuandika hufanya kinyume chake: huwahakikishia wasikilizaji kuwa msimulizi yupo. Katika mchezo ambao watu hawaonani nyuso, hiyo ni faida isiyostahili kubezwa.

Lakini kila faida ina mpaka wake. Mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Doug Brown na David Woolley walitengeneza programu ya mazungumzo iliyoitwa Talkomatic. Humo kila herufi ilionekana kwa wote papo hapo ilipoandikwa, pamoja na makosa yake. Huo ulikuwa uwazi mtupu. Kwa upande wa pili lilikuwako gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 huko Dar es Salaam, likitoka kila mwezi. Washairi walijibizana humo, na aliyetupiwa fumbo aliweza kukaa majuma kadhaa akipima vina na mizani. Hapana aliyehesabu karatasi alizochana. Hasira ilipata muda wa kupoa, na hekima ilipata muda wa kuiva. Alama ya leo imesimama katikati ya hali hizi mbili: huficha maneno, lakini hufichua kusitasita.

Na kusitasita ni chumba cha ndani cha dhamiri. Humo mtu hupima neno, hulikataa, huchagua lililo bora. Aliyefuta tusi ametenda jema. Kumwuliza alifuta nini ni kumwadhibu kwa wema wake. Tena alama humdhulumu mtu wa fikira ndefu. Anayewaza kabla ya kugusa herufi huonekana hayupo, na anayegusagusa bila ya kuwaza huonekana ana kazi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alama hii haikijui kimya cha namna hiyo.

Mtu aweza kupinga kuwa anayewangojesha wengine ana wajibu kwao. Ni kweli. Mwenye kugusa herufi makusudi ili ashike uwanja asioutumia ni mdanganyifu, na mwenye kuondoka aweza kuaga kwa neno moja. Lakini wajibu wa kuaga haumfanyi mngojaji kuwa hakimu. Alama humpa aionaye wajibu wa kungoja kidogo. Haimpi haki ya kudai. Programu ya Signal ina kanuni ya haki katika jambo hili: mtumiaji aweza kuizima alama yake, lakini akiizima, haioni ya wenziwe pia.

Yule wa Kibaha naye ana njia. Badala ya kuuliza kwa ukali, aweza kuandika kuwa kiongozi ameamuru mizigo ituliwe chini ya mwembe, wapagazi wapumzike mpaka mganga atakapokuwa tayari kusema. Kwa maneno hayo hadithi haikukatika, na mwenziwe hakusukumwa. Amebisha hodi mlangoni pa mtu, kisha akakaa barazani, akijua kuwa karibu hutoka kwa mwenye nyumba peke yake.