Uzi wa Tano

Je, fundi aongezewapo uzi katika ala yake, huongezewa na ufundi? Swali hili yafaa tulitafakari sisi tufundishao Kiswahili ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Fidla isikikayo katika taarabu ya Unguja ina nyuzi nne. Iko na ya nyuzi tano: uzi ulioongezwa hutoa sauti nzito kupita zile nne, hata kuifikia ile ya chini kabisa ya viola, dada mkubwa wa fidla. Zile nne zimebaki na sauti zao. Ila sasa nafasi ni finyu. Upinde ukiinama kidogo tu hugusa nyuzi mbili pamoja, na mpigaji hodari huaibika kama mwanagenzi. Hakupoteza uzi, amepoteza mazoea.

Nayo Burundi ina indingiti, zeze la uzi mmoja, na uzi huo humtosha fundi kusindikiza wimbo mzima. Basi ufundi si hesabu ya nyuzi.

Hapa Rumonge, mtoto aliyelelewa kwa Kirundi huja kwetu kuongeza Kiswahili. Akikosea, tusiilaumu lugha ya mamaye. Uzi huo ni wake, na ubaki. Mkono wake ungali ukijifunza mwinamo mpya. Nasi tumchekao, ni lini tulikubali mara ya mwisho kuwa wanagenzi? Elimu haina mwisho, twawaambia watoto. Neno hilo latuhusu sisi kwanza.