Maranda ya Seremala na Ngozi ya Kondoo



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume alipita penye kondoo aliyekufa. Kondoo huyo alikuwa sadaka aliyopewa mjakazi aliyeachwa huru na Bi Maimuna (r.a.). Mtume akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakasema ni mzoga. Akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Sisi wa masomo ya dini tunaikariri hadithi hii katika mlango wa twahara, mtihani ukiisha tunafunga kitabu. Lakini liangalieni swali lenyewe. Wenzake waliona kitu kimekwisha, yeye akaona kilichobaki.

Sasa twendeni Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua. Randa ikipita juu ya mbao, maranda hujaa chini ya meza ya fundi. Jioni yanakusanywa na kuchomwa. Moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto wa pumu, na kanuni ya kutodhuru tunaijua sote. Hatua chache kutoka hapo, sukuma wiki zinanyauka kwa jua la Januari.

Mwendee fundi kwa adabu umwombe. Useremala si kazi ya kudharauliwa na msomi: Muslim amepokea kwamba Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Na usizoe tu kwa kuwa yako chini. Yana mwenyewe, na pengine ana mfugaji wa kuku anayeyanunua. Akikataa, ni haki yake.

Akikupa, yatandaze juu ya udongo unene wa vidole vitatu hivi, mbali kidogo na shina. Yatahifadhi unyevu na kuzuia magugu. Usiyachimbie yakiwa mabichi, maana vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mboga zikageuka njano. Ukitaka mbolea, yachanganye na samadi ya mbuzi au ya kuku, yanyunyizie maji, kisha subiri miezi kadhaa. Subira hapa si mawaidha, ni kazi ya kuoza.

Anachokula ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Muislamu huandikwa kuwa sadaka yake. Tuikumbuke hadithi hiyo mbuzi wa jirani wakiruka ua, ingawa ua imara nao haujakatazwa.

Limebaki moja. Mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa huweza kuwa na sumu kama aseniki. Maranda yake hayafai bustanini, wala hayafai kuchomwa, kwa kuwa sumu hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Kwa macho huenda usiyatambue, basi muulize fundi kabla hujajaza gunia.

Wallahu a'lam.